Ukiskani msimbo wa QR kulipa kwa bitcoin, kinachofanyika ni nini hasa?

Anayelipa ana kwa ana kwa sarafu ya kidijitali huona kitendo kimoja tu: anatoa simu, anaielekeza kwenye msimbo wa QR, anabonyeza, kwisha. Ni rahisi basi kuamini kwamba ule mraba ndio uliolipa, na imani hiyo ndiyo mzizi wa hasara nyingi zinazotokea kaunta. Muuzaji anaachia bidhaa kwa kuonyeshwa picha ya skrini. Mnunuzi anatuma sarafu kwenye mtandao ambao muuzaji hautumii. Mwizi anabandika stika yake juu ya msimbo wa duka, na malipo yanamwingia yeye mpaka siku mtu atakapogundua.

Msimbo wa QR wa malipo hauna pesa ndani, wala si risiti. Ni ombi lililoandikwa: nilipe hapa, kiasi hiki. Kulipa kwenyewe kunafanyika baadaye na mahali pengine, na kujua kama pesa zimefika ni hatua nyingine tena. Ukishatenganisha ombi, malipo na uthibitisho, mengi yanayowatatiza watu katika jambo hili yananyooka.

Kilichomo ndani ya mraba

Msimbo wa QR ulizaliwa Japani mwaka 1994, ukibuniwa na mhandisi Masahiro Hara wa Denso Wave na wenzake kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari. Misimbo ya mistari iliyokuwa ikitumika viwandani ilibeba herufi chache mno. Denso Wave ilisajili hataza, lakini ikaamua kutowadai watumiaji, na ndiyo maana leo kila simu inausoma bila mtu kuomba kibali.

Miraba mitatu mikubwa ya pembeni huiambia kamera msimbo umekaa vipi, kwa hiyo unasomeka hata ukiwa umeinama au umepinduliwa. Vidoti vingine ni maandishi. Msimbo mdogo kabisa una vidoti 21 kwa 21, na mkubwa kabisa una 177 kwa 177 na unaweza kubeba herufi kubwa na tarakimu 4,296. Baadhi ya vidoti ni vya akiba, vya kurekebisha makosa. Kwa kiwango cha juu cha marekebisho, hata karibu asilimia 30 ya data ikiharibika msimbo bado unasomeka. Ndiyo sababu watu huweza kuchomeka nembo katikati yake bila kuuharibu.

Kwa malipo ya bitcoin, maandishi yaliyomo huwa ya namna hii, nikiwa nimeikata anwani katikati:

bitcoin:bc1q…7x?amount=0.00045&label=Oda18

Neno la kwanza, kabla ya nukta mbili, linaiambia simu ni programu ya aina gani inayotakiwa kufunguka. Kinachofuata ni anwani ya mpokeaji. Baada ya alama ya kuuliza kuna kiasi, kisha jina la oda ili mnunuzi ajue analipia nini. Mpangilio huu unaitwa BIP 21 na umekuwapo tangu 2012. Kiasi huandikwa kwa bitcoin nzima, si kwa satoshi. Bitcoin moja ina satoshi milioni 100, kwa hiyo 0.00045 ni satoshi 45,000. Muuzaji akiacha kuweka kiasi, mnunuzi itabidi akiandike mwenyewe, na sufuri moja ikipungua baada ya nukta, atalipa mara kumi. Sioni sababu yoyote ya kaunta yenye simu au tableti kutumia msimbo usio na kiasi.

Wapo wanaoogopa kwamba kamera ikisoma herufi moja vibaya, pesa zitaenda kwa mtu asiyejulikana. Hofu hiyo waiondoe. Msimbo wenyewe una njia ya kujisahihisha, na zaidi ya hapo anwani ya bitcoin ina herufi za ukaguzi ndani yake. Anwani yenye kosa hukataliwa na pochi, yaani programu ya kutunza na kutuma sarafu, kabla muamala haujaundwa. Hatari iko upande mwingine: kamera inasoma sawasawa kabisa anwani ambayo si ya muuzaji.

Kuna jambo dogo la kiufundi ambalo wahudumu wa kaunta huliona bila kujua sababu yake. Misimbo mingine husomeka mara moja hata kwa simu ya zamani, mingine husumbua. Mara nyingi ni suala la wingi wa vidoti. Anwani za kisasa zinazoanza na bc1 zinakubali kuandikwa zote kwa herufi kubwa, na msimbo wa QR huhifadhi herufi kubwa kwa nafasi ndogo zaidi kuliko herufi ndogo. Anwani ya kawaida ya aina hiyo, pamoja na neno bitcoin mbele yake, ikiandikwa kwa herufi ndogo huhitaji msimbo wa vidoti 33 kwa 33 katika kiwango cha kati cha marekebisho. Ikiandikwa kwa herufi kubwa, 29 kwa 29 vinatosha. Tofauti inaonekana ndogo, lakini kwenye skrini iliyopasuka au chini ya taa hafifu ndiyo inayoamua.

Pesa hazipiti kati ya simu na simu

Ukilipa kwa kadi, unampa muuzaji taarifa zako na yeye, kupitia benki, ndiye anayezivuta pesa. Sarafu za kidijitali zinafanya kinyume: pesa zinasukumwa na mwenyewe. Ufunguo wa siri unaoruhusu matumizi uko kwenye simu ya mnunuzi na haupaswi kutoka humo. Ndiyo maana kwa kawaida muuzaji ndiye anayeonyesha msimbo, na mnunuzi ndiye anayeskani.

Tufuate hatua. Kamera inasoma msimbo. Pochi inafungua ukurasa wenye anwani, kiasi na ada ya mtandao. Mnunuzi anakagua, anaidhinisha, na pochi inasaini muamala kwa ufunguo wa siri. Kisha muamala unarushwa kwenye mtandao wa sarafu husika, kompyuta moja inaupeleka kwa nyingine, mpaka unafika kwenye kifaa cha muuzaji ambacho kilikuwa kikiusubiri. Hakuna chochote kilichotoka kwenye simu ya mnunuzi kwenda moja kwa moja kwenye simu ya muuzaji. Wawili hawa wamesimama hatua moja kutoka kwa mwenzake, lakini malipo yamezunguka kupitia mtandao mzima. Kazi ya msimbo ilikwisha mwanzoni kabisa.

Hapo ndipo kanuni ya muuzaji inapotoka, na ni kanuni moja: malipo yamefika pale tu pochi yako mwenyewe, au mfumo wako mwenyewe wa mauzo, unapoyaonyesha. Neno “imetumwa” kwenye simu ya mteja si ushahidi. Picha ya skrini hutengenezwa kwa dakika moja. Hata muamala wa kweli unaweza kuwa umeenda kwenye anwani nyingine. Na muuzaji ambaye intaneti yake imekatika, huku msimbo wake wa karatasi ukiendelea kuning’inia ukutani, anapokea pesa ambazo hawezi kuziona.

Ipo aina moja ya msimbo ambayo kweli ina pesa, na ni lazima itengwe na hii. Ni msimbo wenye ufunguo wa siri wenyewe, kama zile pochi za karatasi zilizokuwa maarufu miaka ya mwanzo ya bitcoin. Desemba 2013, mtangazaji Matt Miller wa televisheni ya Bloomberg aliwapa wenzake vyeti vya zawadi vya bitcoin vya dola 20 wakiwa hewani. Mmoja wao akakifungua chake mbele ya kamera, msimbo wa ufunguo ukaonekana kwa sekunde chache, na mtazamaji mmoja akauskani kutoka kwenye skrini ya televisheni na kuzichukua. Msimbo wa anwani unaweza kuuonyesha kwa yeyote anayetaka kukulipa. Wa ufunguo haufai kuonwa na mtu mwingine hata kwa sekunde moja.

Bango la karatasi au skrini?

Hapa ndipo wauzaji wengi wadogo wanapochagua vibaya, na siwalaumu, kwa sababu bango ni rahisi: unachapisha anwani yako mara moja, unaibandika, umemaliza. Lakini bango lina kasoro tatu, na kila moja ina uzito wake.

Ya kwanza ni stika. Bango lililo mahali pa wazi ni kama namba ya akaunti iliyoandikwa ukutani kwa chaki. Anayetaka anaifuta na kuandika yake. Januari 2022 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilitoa tahadhari kwamba wahalifu wanabadilisha misimbo ya QR ili kuelekeza malipo kwao. Kwa benki au kadi, pengine kuna wa kumlalamikia. Kwa bitcoin hakuna ofisi inayoweza kuurudisha muamala. Na kwa kuwa anwani ni mfululizo wa herufi usio na maana kwa macho ya binadamu, mteja hana njia ya kutambua kwamba hii si ya duka.

Ya pili ni kuchanganyika kwa malipo. Wateja wawili wakilipa kiasi kinacholingana kwenye anwani ileile ndani ya dakika moja, nani amelipa? Anwani haibebi jina la mlipaji.

Ya tatu ndiyo isiyozungumzwa sana, nayo ni faragha. Daftari la bitcoin liko wazi kwa kila mtu. Anayeskani bango lako anapata anwani, na kwa anwani hiyo anaweza kuona kila malipo uliyowahi kupokea hapo na kila yaliyotoka. Mshindani wako anajua mauzo yako. Mwizi anajua akiba yako, na anajua pia unapokaa.

Dawa ya yote matatu ni msimbo mpya kwa kila mauzo, unaotokea kwenye skrini. Njia ya kufanya hivyo bila kuhatarisha pesa imekuwapo tangu 2012, kwa utaratibu uitwao BIP 32: kutokana na mbegu moja ya siri, pochi huzalisha anwani zisizo na idadi, na kuna sehemu ya umma ya mfumo huo inayoweza kuzalisha anwani za kupokelea bila kuwa na uwezo wa kutumia hata satoshi moja. Sehemu hiyo ya umma ndiyo inayowekwa kwenye tableti ya kaunta. Keshia anapokea malipo siku nzima. Tableti ikiibwa, mwizi hapati pesa, ingawa ataona mapato. Programu huria kama BTCPay Server, iliyoanza mwaka 2017, zimejengwa juu ya wazo hili, na hazimtozi muuzaji asilimia ya mauzo.

Kama ni lazima utumie bango, liweke nyuma ya kioo upande wako wa kaunta, na kila asubuhi liskani mwenyewe ulinganishe anwani na iliyo kwenye pochi yako. Msimbo uutengeneze ndani ya pochi hiyohiyo. Usiende kutafuta tovuti ya kutengeneza misimbo: mwaka 2019 kampuni ya pochi ya ZenGo ilikagua majibu matano ya kwanza ya Google kwa aliyetafuta huduma hiyo kwa ajili ya bitcoin, ikakuta manne ni ya matapeli. Unaingiza anwani yako, tovuti inakurudishia msimbo mzuri wenye anwani yao.

Kungoja

Muamala wa bitcoin ukirushwa, muuzaji huuona ndani ya sekunde chache, lakini bado haujaandikwa kwenye daftari. Bloku mpya, yaani fungu la miamala linaloandikwa kwenye daftari kwa pamoja, hupatikana kwa wastani wa kila dakika 10, na wastani ni wastani tu: mara nyingine ni dakika mbili, mara nyingine nusu saa. Kwa mauzo makubwa desturi ya muda mrefu ni kungoja bloku sita, takriban saa moja. Hakuna mnunuzi wa chakula atakayesimama saa nzima.

Basi wauzaji walizoea kukubali muamala ambao haujaingia kwenye bloku, kwa kuamini kwamba utaingia tu. Zoea hilo limezidi kuwa hatari. Mtumaji anaweza kurusha muamala wa pili wenye ada kubwa zaidi unaotumia pesa zilezile, ukizirudisha kwake. Zamani kompyuta nyingi za mtandao zilikubali ubadilishaji huo pale tu muamala wa kwanza ulipokuwa umetangaza kwamba unaweza kubadilishwa. Tangu toleo la 28.0 la Bitcoin Core, programu inayotumiwa na kompyuta nyingi za mtandao huo, mwaka 2024, ubadilishaji kwa kawaida hukubaliwa kwa muamala wowote usioandikwa bado. Kwa hiyo anayekabidhi bidhaa kabla ya bloku ya kwanza anamwamini mteja, si mtandao. Kwa mteja wa kila siku na kiasi kidogo, sawa. Kwa mgeni anayenunua simu, hapana.

Jibu lililotengenezwa kwa ajili ya kaunta ni Lightning, mtandao wa malipo ya haraka uliojengwa juu ya bitcoin, uliopendekezwa na Joseph Poon na Thaddeus Dryja na kuanza kutumika kwa pesa halisi mwaka 2018. Hapa msimbo haubebi anwani bali ankara, na ankara hiyo imesainiwa kidijitali na kifaa cha mpokeaji. Huanza na herufi lnbc zikifuatwa na kiasi. Ukiona lnbc450u, herufi u ni sehemu ya milioni, yaani 450 za milioni za bitcoin, ambazo ni zile satoshi 45,000 tulizozitaja juu. Ankara ni ya matumizi ya mara moja, na isipopangwa vingine huisha muda wake baada ya saa moja.

Ndani yake pia kuna alama iliyokokotolewa kutokana na siri anayoijua mpokeaji peke yake. Malipo yakikamilika, siri yenyewe humrudia mlipaji. Kwa kuwa hakuna anayeweza kuipata siri kutokana na ile alama, mlipaji anayeishika anao ushahidi wa kihesabu kwamba ankara hii imelipwa. Napenda sana sehemu hii ya Lightning. Malipo hukamilika kwa kawaida ndani ya sekunde, nayo yakishakamilika hakuna ujanja wa kuyabadilisha. Sharti ni kwamba kifaa cha mpokeaji kiwe hewani na njia zake za malipo kwenye mtandao huo ziwe na nafasi ya kupokea. Wauzaji wengi hukwama hapo, wakidhani msimbo wao umeharibika kumbe nafasi imejaa.

Pochi nyingi za sasa zinaweza kuunganisha vyote viwili kwenye msimbo mmoja: anwani ya kawaida mbele, ankara ya Lightning nyuma yake. Pochi inayojua Lightning inachukua njia hiyo, isiyojua inalipa kwa njia ya kawaida. Gharama yake ni msimbo wenye vidoti vingi, kwa hiyo uonyeshwe mkubwa na skrini iwe na mwanga wa kutosha.

Anwani moja, mitandao mingi

Kwa bitcoin, mtu akikosea huwa ni kiasi au mpokeaji. Kwa sarafu zilizofungwa kwenye thamani ya dola, kama USDT na USDC, kuna kosa la tatu, nalo ndilo linalowaliza wengi. Sarafu hizi zinaishi kwenye mitandao kadhaa kwa wakati mmoja. Anwani ya Ethereum inayoanza na 0x ina sura ileile kwenye Polygon na mitandao mingine ya jamii hiyo. Msimbo wenye anwani tupu hausemi ni mtandao upi wala sarafu ipi. Mteja anatuma kwa mtandao wenye ada nafuu, muuzaji anatazama mtandao mwingine, na kila mmoja anaapa anasema kweli. Wote wanasema kweli.

Mpangilio wa kuandika mambo hayo ndani ya msimbo upo. Kwa jamii ya Ethereum ni EIP-681, ambao hutaja namba ya mtandao, 1 kwa Ethereum yenyewe na 137 kwa Polygon, pamoja na sarafu na kiasi. Una mtego wake: malipo yakiwa ya sarafu kama USDC, anwani inayotangulia kwenye maandishi ni ya mkataba wa sarafu hiyo, yaani programu inayoiendesha kwenye mtandao, na ya muuzaji inakuja baadaye. Pochi isiyouelewa mpangilio vizuri inaweza kuishika ile ya kwanza tu na kupeleka pesa kwenye mkataba, ambako kwa kawaida hazitoki. Kwa hiyo muuzaji ajaribu msimbo wake kwa pochi mbalimbali na kiasi kidogo kabla ya kuuweka kaunta. Kwa upande wa mtandao mwingine, Solana, mfumo wa Solana Pay wa mwaka 2022 unaongeza ndani ya msimbo alama ya rejea ya kila oda, ambayo huingia kwenye muamala, na muuzaji huitumia kuutafuta kwenye daftari.

Mnunuzi naye ana la kuangalia. Ukiskani kwenye kaunta na badala ya ukurasa wa kulipa ukaletewa tovuti inayotaka “kuunganishwa” na pochi yako, au ruhusa ya kutumia sarafu zako bila kikomo, acha hapohapo. Msimbo unaoanza na wc: ni wa kuunganisha pochi na programu nyingine, si ankara. Duka halihitaji ruhusa ya kuingia kwenye pochi yako ili likuuzie kitu.

Bei inayosogea, na pesa zinazorudi

Bidhaa nyingi huwekewa bei kwa fedha ya serikali, na thamani ya bitcoin haitulii. Ndiyo maana ankara za kaunta huwa na saa inayohesabu kurudi nyuma, mara nyingi dakika 15. Kiwango cha ubadilishaji kimeshikiliwa kwa muda huo tu. Anayelipa kutoka kwenye soko la kubadilishia sarafu, badala ya pochi yake mwenyewe, huumia hapa, kwa sababu masoko hayo huweza kuchelewesha utumaji au kukata ada ndani ya kiasi kinachotumwa. Malipo yanafika yakiwa pungufu au yamechelewa, na mfumo unayakataa kuyahesabu kuwa kamili ingawa pesa zimeingia.

Mteja akirudisha bidhaa, muuzaji asitume pesa kwenye anwani zilikotoka. Huenda ni anwani ya soko la kubadilishia, na pesa zikarudi kwenye hazina ya kampuni badala ya kwenye akaunti ya mteja. Utaratibu ugeuzwe: mteja atengeneze msimbo mpya kwenye pochi yake, muuzaji auskani, asome kiasi na mtandao kabla ya kuidhinisha. Na kama kinachorudishwa ni idadi ileile ya sarafu au thamani ileile ya bei ya siku ya mauzo, mteja aambiwe kabla hajalipa, kwa sababu bei ikishasogea kila upande utaidai hesabu inayoufaa.